Nafasi ya Namba Ishirini na Saba

"Hiyo moja ukiipata, itakufaa nini?" Mama aliniuliza hivyo miaka ya tisini, nyumbani kwetu Homa Bay, nikiwa mtoto wa kuhoji kila kitu. Hadi leo nikinusa chingamu mpya, ule utamu uliochanganyika na wino, swali hunirudia, na hasira yake.

Kila chingamu ilikuja na picha ya mchezaji wa kandanda, yenye namba nyuma, moja hadi arobaini. Nilikuwa nazo thelathini na tisa. Hebu fikirieni! Nilizipanga mkekani kwa mfuatano, nikazikusanya, nikazipanga tena, na raha ile sijapata ya kuilinganisha nayo. Kisha jicho linafika kati ya ishirini na sita na ishirini na nane, na raha inaingia mdudu. Beki mmoja mwenye masharubu nilimpata mara kumi na moja. Nani alimhitaji mara kumi na moja? Na ni kampuni gani inayochapa watu arobaini kisha inamficha mmoja?

Shuleni walimu walizichoma picha hizo, kwa hivyo nilificha mkebe wangu wa picha kwa Dani, mama mzazi wa baba, huko Uriri. Hilo ndilo kosa langu. Muhula wa pili, rafiki yangu darasani alikubali kuniachia ishirini na saba, golikipa mwembamba mwenye glavu kubwa, nami nikampa masharubu yote ya ziada, ambayo sikuyaweka mkebeni. Likizo ya Agosti ilichelewa kama mvua.

Nilipofungua mlango wa Dani, nilikuta ukuta umejaa nyuso. Wageni wa mahari ya shangazi yangu Akinyi walikuwa wamekuja wiki iliyotangulia, na kwetu wageni kama hao hawakalishwi mbele ya ukuta mtupu. Wengine hubandika kalenda na magazeti. Dani alibandika timu yangu. Yote. Kwa uji mzito wa unga wa ngano, juu ya udongo uliokandikwa upya.

"Umeona vile wamependeza?"

"Dani, hawako kwa mstari! Namba tatu amekaa na thelathini!"

"Namba za nini? Hawa wanacheka, nimeweka kwa mlango wapokee watu. Hawa wamenuna, wako nyuma ya kabati. Na huyu wa masharubu nimemweka juu ya kiti cha babako. Si wanafanana?"

Nilijaribu kumbandua mmoja. Sikio lilibaki ukutani.

"Wacha kuumiza watoto wa watu, nyakwara," alisema, kwa lile neno lake la kumwita mjukuu. Akagusa pengo dogo katikati ya safu. "Hapa nimeacha nafasi. Yule wako uliyeniambia amepotea, umempata?"

Golikipa alikuwa mfukoni mwa sketi yangu. Kijiko kimoja cha uji wa ngano na seti ingetimia. Lakini ingetimia kwenye ukuta wake, kwa mpango wake, na masharubu juu ya kiti cha baba!

"Bado, Dani."

Kila likizo aliuliza, kila likizo nikajibu hivyo hivyo. Golikipa wangu alikaa peke yake kwenye mkebe wa kalamu. Hata sasa nasema Dani angeniuliza kwanza. Je, arobaini waliotawanyika nyumba mbili ni seti ya nani?

Nilikuwa tayari chuo kikuu, na ile nyumba ya udongo imeshabomolewa, ndipo shangazi Akinyi, aliyeolewa jirani na kuuza nyanya soko la Uriri, aliponisimulia huku akicheka. Miaka ile yote, kila siku ya soko, Dani alifika kwenye meza yake na chingamu mbili mkononi ili asomewe namba za picha, akitafuta ishirini na saba.

"Hata magego hakuwa nayo," shangazi alisema. "Hizo chingamu zote nilitafuna mimi."