Meza Iliyofaulu Mtihani

Mama Scholastique alikuwa na vitu viwili vya kujivunia, na kwa vile hakuwa mtu wa kujivunia kimya kimya, kila aliyekaa site, yaani ule upande wa mji wa Kindu walioachiwa weusi, alivijua vyote viwili. Cha kwanza kilikuwa meza. Cha pili kilikuwa pointi za mwanawe Florentin.

Meza aliachiwa na marehemu mumewe, seremala wa karakana ya reli. Aliichonga mwenyewe kwa mbao ya mvule, akaitengenezea na viti, akanunua na sanduku la visu na uma kwa Mgriki mmoja aliyekuwa anafunga duka, kisha homa ikamchukua kabla hajaikalia vizuri. Kwenye kona moja ilikuwa na alama nyeusi ya pasi ya makaa, aliyoisahau Scholastique mwenyewe katika vurugu za msiba. Hakuna aliyekula kwenye meza ile. Scholastique alikula mkekani, kwa mkono, kama mama yake alivyokula, na wala hakuona kasoro. Meza ilipanguswa kila asubuhi, ikatandikwa kitambaa, ikaachwa.

Msidhani lakini kwamba ilikaa bure. Enzi zile za Mbelgiji, mweusi aliyetaka ahesabiwe kuwa amestaarabika alipaswa kuomba kadi, na kabla ya kupewa kadi wazungu walimtembelea nyumbani kumkagua. Walichungulia choo. Walifunua shuka. Walimuuliza mkewe kama anakula pamoja na mumewe au anakula jikoni na watoto, na mwanamke aliyekuwa amekula jikoni maisha yake yote alijibu kwamba anakula pamoja na mumewe, tena kwa uma, tena kila siku. Zaidi ya yote walitazama meza. Nyumba isiyo na meza haikuwa ya mtu aliyestaarabika, hata kama mwenyewe alisoma Kilatini.

Na meza ya maana, kwenye site, ilikuwa moja tu.

Basi kila ukaguzi ulipotangazwa, wazungu wakiwa wamelala usingizi wao wa mchana, meza ya Scholastique ilitoka nje na kupita mitaani juu ya vichwa vya wanaume wawili, viti vikiifuata nyuma. Leo ilikuwa kwa karani wa posta, kesho kwa muuguzi, keshokutwa kwa mwalimu. Makarani wengi wa Kindu walipata kadi zao wakiwa wamekaa kwenye meza ile ile, wakiwa wamefunika kona ya pasi kwa sahani. Sahani mara nyingine ilisogea. Madame mmoja wa kizungu, aliyekuwa akifuatana na wakaguzi na hakuwahi kuvua glavu zake hata kwenye jua la saa saba, aliwahi kuwaeleza wenzake kwamba weusi wa Kindu wana desturi ya kuunguza meza zao kwenye kona ya kushoto, bila shaka kwa sababu ya imani fulani. Watu waliitikia kwamba ndiyo, ni imani.

Scholastique hakumnyima mtu. Kumnyima jirani chombo cha nyumbani, katika site, ni jambo ambalo wajukuu zako watakumbushwa. Tena alipenda kuombwa. Ila rohoni aliwadharau kidogo waombaji, kwa sababu kwake meza ilikuwa kitu cha wasio na kitu kingine. Yeye alikuwa na Florentin.

Florentin alikuwa wa kwanza darasani kila mwaka aliosoma kwa mapadri, na mwaka wa mwisho alipata asilimia themanini na saba. Themanini na saba! Scholastique hakujua hesabu za kugawanya, lakini namba ile aliitamka sokoni, kanisani, kwenye foleni ya bomba la maji. Ukimuuliza bei ya samaki alikujibu bei, kisha akakwambia themanini na saba. Watoto wa mtaani waliufanya wimbo wa kurukia kamba.

Mwaka huohuo ikatoka habari kwamba chuo kikuu cha Léopoldville kitapokea kijana mmoja kutoka Kindu, mmoja tu, kwa gharama ya serikali. Walioomba wakabaki wawili: Florentin, na Paul, mtoto wa Donatien.

Donatien alikuwa karani mkuu wa bohari moja la bandarini, mwenye kadi, mwenye kofia, mwenye tabia ya kusema "voilà", yaani "hiki hapa", hata pale ambapo hakuna kilichoonekana. Mwanawe Paul alikuwa kijana mwema, mchangamfu, mcheza mpira hodari, na alikuwa na asilimia hamsini na nane. Site nzima ilimhurumia. Hamsini na nane dhidi ya themanini na saba, hapo kuna cha kujadili?

Siku chache kabla komisyo, yaani kamati ya wazungu ya kuchagua, haijapita kuwakagua vijana wale wawili majumbani, Donatien alikuja kwa Scholastique na mkewe Adolphine. Hawakupiga hodi ya kawaida. Walikohoa nje kwanza, kama watu wanaokuja kuposa.

"Mama Florentin," Donatien akaanza, "unajua meza yetu mchwa ilishaimaliza. Tunakuya kukuomba ile yako. Ya siku moja tu."

"Na komisyo itapita kwangu siku ileile," Scholastique akasema.

"Njo maana tunakuomba kwa heshima," akasema Adolphine. "Wewe uko na pointi. Sisi tuko na nini?"

Maneno hayo yalimwingia Scholastique tamu kama juisi ya muwa. Aliwatazama, karani mkuu na mkewe, wameinamisha vichwa uani kwake, akaona huruma, na katika huruma ile kulikuwa na raha kubwa sana.

Florentin alikuwa amekaa mlangoni akisoma. "Mama," akasema polepole, "labda safari hii tubaki nayo."

"Ya nini?" mama yake akamjibu. "Muntu wa themanini na saba anahitaji meza ya kumuombea? Waache wachukue. Paul naye ni mutoto wa muntu."

Meza ikaondoka.

Siku yenyewe komisyo ilianzia kwa Donatien. Walikuwa watatu: bwana wa serikali ambaye site ilimwita Bwana Polepole, padri mkuu wa shule ya akina Florentin, na yule madame wa glavu. Walimkuta Donatien ameketi mezani na familia yake, kila mtu na uma wake, wanakula kuku wa saa nne asubuhi. Adolphine hakuwa ameshika uma tangu ukaguzi wa kadi ya mumewe, lakini mkono haukumsahau. Madame alifurahi. Aliiona kona ya meza, akatabasamu, akamwambia Bwana Polepole kwamba hata hapa imani ile ipo. Paul aliulizwa anataka kusoma nini, akasema anataka kusoma mambo makubwa. Waliona jibu zuri.

Kisha wakavuka barabara.

Kwa Scholastique chumba kilikuwa kimefagiwa hata mchanga uliona aibu. Katikati, mahali pa meza, palikuwa na mkeka mpya, na juu ya mkeka sahani kubwa ya wali na bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, na samaki, kwani hakutaka wageni waje wakute nyumba haina chakula. Florentin alivaa shati jeupe. Aliulizwa historia, akajibu. Akaulizwa jiometria, akajibu mpaka Bwana Polepole akakohoa. Scholastique alisimama pembeni, kifua mbele, akisubiri mtu ataje namba.

Madame ndiye aliyeuliza. "Mnakula wapi?"

"Hapa, Madame," Scholastique akasema, akaonyesha mkeka kwa fahari, maana ulikuwa mkeka mzuri.

"Wote kwenye sahani moja?"

"Tuko wawili tu, Madame."

"Kwa mkono?"

Scholastique akautazama mkono wake, kama mtu anayeulizwa kama anatembea kwa miguu. "Ndiyo, Madame. Nilishaunawa."

Madame akamtazama Bwana Polepole. Bwana Polepole akamtazama padri. Padri, ambaye alizijua pointi za Florentin kwa sababu alizitoa yeye, akatazama dirishani. Wakaaga kwa adabu nyingi, na Scholastique aliwasindikiza mpaka barabarani akijua kwamba mambo yamekwisha. Yalikuwa yamekwisha kweli.

Jina la Paul lilisomwa kanisani Jumapili ya tatu.

Scholastique hakusikia mahubiri yaliyofuata. Alingoja watu watoke, akamfuata padri nyuma ya kanisa, akamuuliza bila kuzunguka themanini na saba imekwenda wapi.

"Mama," padri akasema, na alisema kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, "pointi ni mwanzo tu. Komisyo inatazama muntu muzima. Nyumba yake, wazazi wake, namna anavyoishi. Kijana anayetoka kwenye mukeka, huko kwenye chuo, atateseka."

"Ile meza kwa Donatien ni yangu."

Padri akageuka kumtazama. Scholastique akaona maneno yake yamegonga mahali, akaendelea: "Ni yangu, mon père. Bwana yangu aliichonga. Ile alama ya pasi ni ya pasi yangu."

"Kama ni yako," padri akasema hatimaye, "mbona haukuwa unakula juu yake?"

"Niliikopesha."

"Unaona sasa," padri akasema, na alionekana kufarijika, kama mtu aliyepata sababu aliyokuwa akiitafuta. "Muntu aliyestaarabika hakopeshi meza yake."

Scholastique angeweza kusema zaidi. Angeweza kutaja nyumba moja baada ya nyingine meza ile ilikopita, na kadi zilizotoka juu yake, na jioni hiyo nusu ya makarani wa Kindu wangerudi kuwa weusi wa kawaida. Alifungua mdomo. Kisha akawakumbuka wake zao, wanaochota naye maji, akaufunga. Alirudi nyumbani akalia kwa hasira mpaka kichwa kikamuuma, na aliyekasirikiwa zaidi alikuwa yeye mwenyewe.

Meza ilirudishwa, imepanguswa vizuri, pamoja na kuku mzima wa shukrani. Scholastique alimla kuku yule bila hamu. Florentin hakulaumu, na hilo lilimwuma mama yake kuliko lawama. Alipata kazi stesheni, kupima mizigo inayoshuka kwenye treni kwenda kwenye meli, na jioni aliendelea kusoma vitabu vyake, sasa juu ya meza, kwa kuwa ilikuwa pale.

Mwaka ukapita. Likizo kubwa, Paul akarudi kutoka Léopoldville na viatu vipya, na baada ya siku mbili site ilijua kwamba amerudi pia na asilimia thelathini na tisa. Angepewa mtihani mwingine Septemba. Akianguka tena, anafukuzwa, na nafasi ya Kindu inabaki wazi, komisyo ipite upya.

Donatien alikuja jioni moja, safari hii peke yake, kofia mkononi. Alimkuta Florentin mezani na vitabu, Scholastique mkekani akichambua mchele. Akakaribishwa kiti, akakikalia, viwiko juu ya mvule kwa mazoea ya zamani, karibu kabisa na kona ya pasi.

"Mama Florentin, ulitusaidia mara ya kwanza. Mungu aliona. Sasa tunakuomba tena. Florentin amufundishe Paul hii miezi miwili. Hesabu tu na fizikia."

Scholastique hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Na komisyo ilisema pointi ni mwanzo tu."

"Ile ni ya kuingia," Donatien akasema, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, alisema jambo kwa moyo wake wote. "Kule ndani ni ingine. Kule hakuna muntu anakuuliza unakula wapi. Hawatazami meza, mama. Wanatazama pointi tu, voilà. Pointi, pointi, pointi."

Florentin aliacha kusoma. Mchele uliacha kurushwa. Scholastique alimtazama karani mkuu hata akaanza kumhurumia, kwa sababu mtu yule hakuwa amesikia alichosema.

"Baba Paul," akasema, "ile siku, nani alipita? Paul ao meza?"

Donatien akaitazama kona ya pasi.

"Meza njo ilipita. Basi chukua meza. Uipeleke Léopoldville, uiweke mbele ya waalimu, ijibu fizikia. Hiyo nakukopesha, kama siku zote. Mutoto wangu, hapana."

Donatien akaondoa viwiko mezani, akaaga. Meza hakuichukua. Paul alianguka Septemba, kama kila mtu alivyojua, akarudi kucheza mpira na akawa na furaha zaidi, na kanisani ikasomwa kwamba komisyo itapita tena kutafuta kijana wa Kindu.

Majirani walikohoa nje wiki ile, mmoja mmoja, kuomba meza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Scholastique aliwanyima, na alijua wajukuu zake watakumbushwa. Akatoa sanduku la Mgriki, akapanga sahani, akaketi kwenye kiti kilichomchoma mgongo, akamwonyesha Florentin namna ya kushika uma. Hakujua vizuri naye. Sombe iliwadondokea vifuani, samaki wakamkimbia, mwana akacheka, mama akamwambia asicheke, hii njo ile mtihani.

Kila siku wakala hivyo, asubuhi na jioni, wakitoka mezani na njaa. Na kwa kuwa meza ilitakiwa iwe wazi kwa ajili ya sahani, vitabu vya Florentin viliteremshwa vikapangwa chini, mkekani.