Nguo Isiyoombewa

Mama Heri hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wateja, kwa kumtania, kwa sababu fundi huyu hakukutolea nguo mpaka ainame juu ya kola, midomo ikicheza, amwombee mwenye nguo mema. Mlevi, mdokozi, mwanamke aliyemsema vibaya mtaa mzima, wote waliombewa. Mpiga pasi, jirani yake wa baraza moja, hakuishiwa kicheko. "Mimi nawanyooshea nguo, wewe unawanyooshea na roho! Mbona bei ni ile ile?" Lakini msidhani ilikuwa kazi nyepesi. Kumtakia mema umpendaye, hata paka anaweza.

Kisha binti yake akafa. Walikuwa wakikaa wote katika kile chumba cha kushonea, mama kwenye cherehani, binti nyuma yake akifumua bandi, zile nyuzi ndefu za kushikizia kitambaa kabla hakijashonwa sawasawa. Siku moja homa ikampanda. Mama akamkimbiza hospitali, wakakalishwa kwenye benchi. Nesi wa zamu akapita mbio: "Subirini, mama." Akapita tena: "Jamani, si nimesema subirini?" Aliporudi mara ya mwisho, binti alikuwa amemwegemea mama yake begani, keshakata roho.

Tangu hapo Mama Heri hakukaa peke yake mle chumbani. Angeweza kuapa. Akishona, alisikia uzi ukivutwa nyuma yake, taratibu, vile vile binti alivyouvuta ili usichane kitambaa. Akigeuka, kiti kitupu. Wala hakuogopa, alichokiogopa ni siku ambayo hangesikia kitu. Akazoea kumsemesha. "Umechoka, mama? Pumzika kidogo." Mpiga pasi akiyasikia hayo alijitia kupuliza makaa, hana habari.

Ndipo akaja yule nesi. Hakumtambua fundi, wanaona nyuso nyingi, hao. Akaweka kitambaa cheupe mezani, anataka sare mpya, ya zamani inambana. Mama Heri akampima. Kifua, kiuno, shingo. Pale shingoni mkono wake ulikawia.

Sare ikashonwa, tena vizuri. Lakini alipoinama juu ya kola, maneno ya kuomba hayakuja. Nyuma yake uzi ukavutwa kwa nguvu, kwa hasira. "Sawa, mama," akasema. "Huyu hatumwombei." Nguo ikatoka hivyo hivyo, ya kwanza maishani mwake. Roho yake ilifurahi, na furaha ile ikamtisha.

Baada ya wiki nesi akarudi ameishika sare mkononi. "Fundi, nguo hii ina nini? Inanikwaruza shingo mpaka imechubuka."

Mama Heri akaigeuza kola. Lo! Bandi yote ilikuwa imo ndani, kosa ambalo hata mwanagenzi wa juzi halifanyi. Tangu msiba alikuwa akizifumua mwenyewe, wakati ule ule wa kuomba. Hii hakuiombea, basi hakuifumua. Aibu ikamshika.

"Kaa, nikufumulie," akasema.

Kiti kitupu kilikuwa kimoja tu, kile cha binti. Nesi akakikalia, na Mama Heri akafumbua mdomo amkataze, akaufumba.

"Hapa kwako kumetulia, mama," nesi akasema, akijisugua macho. "Mimi usingizi umenihama. Nikifumba macho naliona benchi."

"Benchi gani?"

"La wagonjwa wanaposubiri. Kuna msichana alinifia pale, begani kwa mama yake. Nilikuwa peke yangu zamu nzima, na ndani kuna mzazi anavuja damu. Ningejigawa vipi? Yule mama hata hakunitukana, aliniangalia tu. Nikikutana naye leo, sijui nitaficha wapi uso wangu."

Mkasi ukatulia mkononi mwa fundi. Neno lilikuwa limeshamfika mdomoni: ni mimi. Lingemmaliza yule mwanamke pale pale, na Mama Heri alilijua hilo, akalitamani kuliko maji. Nyuma yake uzi ulikuwa ukivutwa, ukivutwa, kama mtu anayemhimiza aseme.

Akalimeza. Akainama juu ya kola, na safari hii akaomba kwa sauti: "Mwenye nguo hii apate usingizi. Mikono yake isitetemeke. Wanaomsubiri, awakute wazima." Akaichomoa bandi yote, akamkabidhi sare yake.

Nesi akalia, akashukuru, akaondoka bila kujua aliombewa na nani.

Mama Heri akasikiliza. Alisikia pasi ya jirani ikiburutwa juu ya meza, na watu wakipita njiani. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Mama?" akaita. "Mama, upo?"

Kumbe ile chuki ndiyo aliyokuwa akimshikilia nayo mwanawe. Akaangua kilio ambacho hata makaburini hakukilia, mpaka mpiga pasi akaiacha pasi iunguze shati la watu, akaja mbio kumshika mabega.

"Kuna nini, dada yangu? Amekufanya nini yule?"

"Nimemwombea," akasema. "Nimemwombea, na mwanangu ameondoka."