Helmeti Nyeupe ya Nesi Fransiska

Msimu mzima wa mavuno nesi Fransiska alitembea na ufunguo wa pikipiki shingoni, pamoja na rozari yake, huku pikipiki yenyewe imelala bandani ikila vumbi la ngano. Watu wa shamba walimcheka. Mtu anapewa pikipiki mpya ya kuzungukia makambi, halafu anakwenda kazini juu ya tela la trekta, amekumbatia sanduku la dawa kama mtu anayehama! Walisema anaogopa. Uongo mtupu. Alikuwa amejifunza kuendesha kwenye pikipiki ya misheni kule Mbulu, tangu akiwa mwanafunzi wa uuguzi, na wengi wa waliokuwa wakimcheka wasingemfikia. Alichokataa ni kofia.

Lilikuwa shamba moja la ngano la serikali kwenye nyanda za Hanang, miaka ile ya themanini. Vipuri vilikuwa shida, sabuni ilikuwa shida, lakini kofia za njano za plastiki zilijaa stoo. Zililetwa kwa ajili ya wafanyakazi wa maghala, kitu kikidondoka kutoka juu kisiwaumize. Basi kila aliyepanda pikipiki ya shamba alipewa hiyo hiyo, akaifunga kidevuni kwa kamba ya katani, akaambiwa aende salama. Aliyebuni utaratibu huo ni Bwana Hermani, afisa usafirishaji, ambaye mwenyewe hakupanda pikipiki hata siku moja. Yeye alikuwa na Landrova.

Basili, kaka yake Fransiska, aliivaa kofia hiyo. Alikuwa fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia ngano, palepale shambani, kijana wa adabu. Nyumbani kwao Masieda alilelewa kwamba mtu hapiti mbele ya mzee na kofia kichwani. Unaivua, unainama kidogo, unaamkia. Kwa hiyo kila alipokaribia kijiji alilegeza kamba mapema ili kuvua kuwe rahisi. Siku moja ya likizo akamwona baba yao, mzee Margwe, amesimama njia ya kanisani akimsubiri. Basili akaachia mkono mmoja, akainua kofia, akasema shikamoo baba, na gurudumu la mbele likaingia kwenye mtaro uliochimbwa na mvua. Marahaba ya mzee Margwe haikuwahi kumfikia.

Mzee hakulisema jambo hilo tena. Fransiska alilisema kwa niaba ya wote wawili, popote palipokuwa na masikio. Alimweleza Bwana Hermani kwamba kofia ya ghalani haina sponji ya maana ndani, haishiki kichwa, na kamba ya katani haizuii kitu. Alitaka helmeti ya pikipiki, viatu vya kufunika vifundo, glavu na koti zito. Bwana Hermani alimsikiliza akichokonoa meno kwa njiti. Kisha akamjibu kwamba hapa si Ulaya, na asipoanza kuendesha kabla ngano haijaisha shambani, pikipiki itakwenda kwa bwana shamba na yeye atabaki na matela yake.

Hapo ndipo ufunguo ulipohamia shingoni. Fransiska aliihitaji pikipiki ile kuliko alivyotaka watu wajue. Tela lilikwenda kule trekta lilikopangiwa, na mgonjwa alilala popote alipougulia. Tayari alikuwa amechelewa mara kadhaa kwa watu ambao bado aliwaota. Lakini kuvaa kofia iliyomuua ndugu yake, hapana. Alisema watamzika nayo akiwa ameishika mkononi, siyo kichwani.

Asubuhi moja Mama Gidamis, mwanamke wa Kibarbaig aliyekuwa akiuza maziwa zahanati, alifika bila maziwa. Mkwewe alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hatoki. Boma lao lilikuwa mbali, upande wa Balangdalalu, na matrekta yote yalikuwa yameshaondoka. Fransiska alichukua sanduku lake, wakaenda pamoja hadi ofisini kwa Bwana Hermani kuomba gari.

"Pikipiki unayo, kofia unayo," Bwana Hermani alisema. "Huyo binti akifa, amekufa kwa kiburi chako."

Maneno yale yalimchoma. Alijua moyoni kwamba ataondoka, hata kichwa wazi, na kujua hivyo kulimpandisha hasira zaidi. Ile kofia ya njano ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Akaitungua, akaiweka mezani mbele ya bwana mkubwa, akavua ufunguo shingoni, akautumbukiza ndani yake.

"Sawa, mzee. Niendeshe wewe, mimi nikae nyuma na sanduku langu. Kofia ni moja, uvae wewe."

Bwana Hermani akaitazama kofia. Akaigeuza, akavuta ile kamba ya katani, nayo ikabaki mkononi mwake. Mama Gidamis alisimama mlangoni bila kupepesa macho, na nyuma yake madereva waliokuwa wakisubiri mafuta walikuwa wamesogea kusikiliza. Bwana Hermani akaangalia barabara dirishani, mashimo yake na mawe yake, akakohoa.

"Twendeni na Landrova," alisema. "Tutawahi."

"Ipo hapo nje tangu mwaka jana, na mimi nawachelewa wagonjwa juu ya matela," Fransiska alisema, akachukua ufunguo wake, wakapanda wote.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kutosha boma zima. Lakini shambani habari iliyozunguka siyo ya mtoto. Ilikuwa kwamba Bwana Hermani ameiogopa kofia yake mwenyewe. Kesho yake wapanda pikipiki wote walimrudishia kofia zake, wakazipanga barazani pake chini juu kama masufuria yaliyooshwa, wakaenda zao kwa miguu. Kazi ikalala. Wiki haikuisha kabla meneja hajaruhusu helmeti zinunuliwe Arusha.

Bwana Hermani alimwagiza dereva wa vipuri achukue zozote atakazokuta. Fransiska alisikia, akapanda garini bila kumuuliza mtu. Kichwa ni chake, alisema, na kichwa hakinunuliwi kwa kuagiza.

Dukani Arusha muuzaji alimletea kwanza helmeti yenye michoro ya moto, inang'aa kama kengele mpya. Fransiska akaivaa, akafunga mkanda, akaisukuma kwa nyuma, ikamtelezea usoni, ikatoka. Akairudisha. Ya pili ilimkaa vizuri, lakini alipopitisha kidole juu yake alihisi ufa uliofichwa kwa rangi. Muuzaji akasema ni mkwaruzo tu. Fransiska akamjibu kwamba helmeti iliyokwisha kupigwa imeshamaliza kazi yake, na kama ni mkwaruzo tu, basi ampe mwanawe. Jamaa akacheka kidogo, akaenda nyuma ya duka.

Aliyotoka nayo ilikuwa nyeupe, ya kufunika hadi kidevu, na kioo mbele cha kuzuia makapi ya ngano. Ilimbana mashavu, na alipotikisa kichwa ilikwenda nacho. Akazunguka nayo mle dukani muda mrefu kuona kama itamuuma paji la uso, wateja wakimkodolea macho. Kulikuwa na nyingine ya uso wazi, na muuzaji akamshauri kwamba hiyo ingemfaa mwanamke, angeweza kusalimiana na watu. Fransiska alimkumbuka Basili na kidevu chake kilivyokuwa siku ile. Akachukua ile ya kufunika. Nyeupe, ili dereva wa kombaini amwone ngano ikiwa ndefu.

Glavu za fundi wa kuchomelea alizikataa, maana ndani yake mtu hahisi breki. Akapata nyingine laini. Akapata na mabuti ya ngozi. Koti ndilo halikupatikana popote, na aliporudi akamsimulia Mama Gidamis. Mama yule akainua upindo wa sketi yake ya ngozi ya ng'ombe.

"Hii nimevaa tangu niolewe," alisema. "Miiba imeshindwa. Nitakushonea."

Akamshonea koti lenye mikono mirefu, viwikoni ngozi mbili mbili, likanukia samli ya kulainishia ngozi mwaka mzima. Pamoja na suruali ya kaki, nesi sasa alikuwa kituko kamili, na aliendesha hivyo hivyo, akisimama kwa kila mzee njiani, akivua helmeti, akiamkia, akivaa tena. Wengine walinung'unika kwamba shikamoo yake inachelewa. Aliwaambia inachelewa lakini inafika.

Habari zilifika Masieda kabla yake. Mzee Margwe akatuma neno kupitia kwa katekista kwamba binti yake akija na lile dude la kufunika uso, asipite njia ya kanisani mbele ya watu. Fransiska akapita njia hiyo hiyo, tena Jumapili, watu wanatoka ibadani.

Akasimama karibu na ule mtaro, akazima injini, akavua glavu. Baba yake alikuwa amesimama palepale alipokuwa amesimama siku ile. Fransiska akashika mkanda wa helmeti, mkanda ukakataa kufunguka. Mzee Akonaay, jirani yao, alisikika akisema huyu mtoto ameota mapembe, anakaa juu ya chuma mbele ya baba yake na kofia haivui.

"Shikamoo baba," Fransiska alisema ndani ya helmeti, bado akihangaika.

Mzee Margwe akaja haraka, karibu akimbie. Akaushika mkono wa binti yake juu ya mkanda, akaukandamiza pale ulipo.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Usivue."

Kisha akawageukia wazee wenzake, bado amemshika.

"Ameniamkia na nimemwitikia," alisema. "Mwenye neno aniambie mimi."