Plau ya Dada na Nyuzi za Mwethya

Mwethya wetu wa Kola, yaani kundi la majirani wanaochimbiana matuta ya kuzuia udongo, ulikuwa umekua mno. Mwenyekiti akaamua tuugawe mara mbili kabla ya mvua za vuli.

"Tugawanyike kikanisa," alisema. "Wakatoliki huku, Waprotestanti kule. Kila mtu anajua ndivyo tulivyo."

Maneno hayo, kila mtu anajua, hunikosesha raha. Nilifundisha hisabati tangu ujana hadi kustaafu, na sijapata kuona jibu lililothibitishwa kwa wingi wa sauti. Isitoshe, tuta la dada yangu, mjane, lilikuwa limebomoka katikati. Mvua ikilikuta hivyo, udongo wake wote ungeishia mtoni. Ni kundi gani lingemchimbia?

Sikuweza kutulia. Nilizunguka mashambani nikitazama kwa macho yangu ni nani huenda kumsaidia nani. Nilipokosa kuona, nilimwuliza mwenye shamba mwenyewe, si jirani yake. Kisha nikapanga maharagwe kwenye sinia, kila mtu na haragwe lake, na kila wawili waliosaidiana nikawaunganisha kwa uzi wa katani. Nyuzi zikawa kama kiota. Nikatafuta uzi unaopitiwa na njia nyingi za kutoka mtu hadi mtu kuliko nyuzi nyingine, maana huo ndio unaoshikilia pande pamoja, nikauondoa, nikatafuta uliofuata.

Kila uzi niliouondoa ulianzia kwa dada yangu. Ulipotoka wa mwisho, kiota kiligawanyika mara mbili, haragwe lake likabaki peke yake katikati, na kila upande ulikuwa na Wakatoliki na Waprotestanti. Kilichowaunganisha ni ng'ombe: plau huvutwa na madume wawili, hivyo mwenye mmoja hutafuta mwenzake mwenye mmoja, na waliolima pamoja ndio wanaochimba pamoja. Dada hana ng'ombe. Ana plau, na pande zote mbili huiazima kwake.

Nilipeleka sinia mkutanoni.

"Mwalimu, haya ni maharagwe ama ni watu?" mwenyekiti aliuliza, watu wakaangua kicheko. "Na huyu amebaki peke yake?"

"Ni mimi," dada alisema.

"Si achukuliwe na wale wengine!" mzee mmoja alipaza sauti.

"Wale wengine ni nyinyi!" alijibiwa kutoka upande wa pili.

Dada akasimama, akajifunga leso vizuri kiunoni. "Mwacheni kaka yangu na maharagwe yake. Plau iko nyumbani kwangu. Asiyekuja kwa tuta langu, asije kwa plau yangu."

Asubuhi iliyofuata walikuja wote, wamegawanyika kama kwenye sinia, kundi hili likaanza kuchimba mwisho huu, lile mwisho ule, kila moja likichungulia kama wenzao wanategea. Wingu zito lilikuwa limeshuka upande wa Konza. Niliwahimiza, wakaniambia nikae chini, mzee. Sikukaa hadi majembe ya pande mbili yalipokutana katikati.