Kinyozi wa Mogogosiek na Pleko Wenye Ndevu

Kinyozi wangu wa Mogogosiek amefariki. Mkewe alinipigia simu Jumatatu asubuhi, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia: "Rafiki yako ametuacha. Ni moyo." Msomaji wangu, huenda hukumjua. Alikuja huku kutoka Kisii na wazazi wake waliochuma majani chai, akafungua kibanda cha kunyolea karibu na kiwanda, na hakuhama tena.

Ndani ya kibanda aliweka tangi la kioo la samaki, na wakulima waliingia kulitazama hata wakiwa hawana nywele za kunyoa. Humo walikuwamo pleko wawili, jamii ya kambare, wanaojibandika kwenye kioo kwa mdomo na kula uchafu wa kijani. Aliyemuuzia alimwapia kwamba ni dume na jike. Alingoja mayai, hayakuja. Kazi yao ilikuwa kupigania chungu kidogo kilicholazwa mchangani. Siku moja aliniita huku akicheka. "Kuja uone, mzee! Huyu niliyeambiwa ni bibi ameota ndevu!" Kweli, puani palikuwa pamechipuka vijinyama kama matawi. Akanieleza kwamba pleko wa aina hii wakiwa wachanga hufanana wote, na anayekuuzia anabahatisha tu. Basi, kwa kuwa wote wawili walikuwa madume, akampa rafiki yake mmoja wao, akatafuta jike aliyekomaa: pua karibu laini kabisa, na ukimtazama kutoka juu, mwili umepanuka tumboni.

Mayai yalipopatikana, stima ikapotea mchana na pampu ya hewa ikazima. Kinyozi aliweka mashine chini, akachukua kikombe, akawa anachota maji ya tangi na kuyamwaga tena kutoka juu ili yaingie hewa. Tulipokezana, mimi na wateja wengine, mmoja akiwa amenyolewa upande mmoja tu. Mdomoni mwa chungu samaki mmoja aliendelea kuyapepea mayai kwa mapezi, hatoki.

"Huyo mama ana uchungu na watoto," akasema yule wa nusu kichwa.

"Si mama," kinyozi akamjibu, bado anachota. "Angalia ndevu. Jike akishataga, anayebaki na mayai ni baba."

Hakuna aliyecheka. Tulijua kwamba mkewe alipokwenda kufanya kazi Uarabuni, yeye alibaki na binti yao ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza, akamfunga mgongoni na kunyoa watu hivyo hivyo. Sokoni walimwita Mama Kinyozi. Alikuwa akiitika na kuendelea na kazi. Stima ilirudi jioni, na mayai yakaanguliwa.

Nimeishi katika nchi hii ya chai nikiwasikia wanaume wakihesabiana ng'ombe na ekari. Yeye sikumsikia akijisifu, labda kwa sababu alikuwa na kazi. Kwenye mazishi binti yake, sasa mwalimu, alisimama mbele ya kanisa zima. "Nyinyi aliwanyoa," akasema. "Mimi alinisuka. Alijifunza kwa kichwa changu, akikosea anafumua, anaanza tena, mpaka nikaenda shule nikiwa nadhifu kama wenzangu." Wanaume waliokuwa karibu nami waliinamisha vichwa. Nami nilielewa hapo kwamba uanaume wa mtu huyu haukuwahi kuhitaji ushahidi wetu. Aliyeuhitaji uanaume huo alikuwa mtoto mmoja, na aliupata kila asubuhi.