Mvua ya Karatasi

Kabla hajawa Mama Gundi, shangazi yangu alikuwa mkunja maboksi. Kiwanda kilikuwa nyuma ya kituo cha mabasi, na alikiingia akiwa msichana wa nywele za kusuka, akatoka na mvi. Maboksi ya viatu, ya sabuni, ya dawa. Yote yalipita mikononi mwake yakiwa bapa kama chapati, yakatoka yamesimama. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walilia, wakaagana, wakatafuta la kufanya. Yeye hakulia. Tatizo lilikuwa mikono yake, maana ilikataa kabisa kustaafu.

"Inakunja usingizini," mumewe alituambia. "Juzi nimeamka shuka lina kona nne, mimi nimo ndani kama jozi ya viatu."

Mumewe huyo ni fundi saa, mtu mpole ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati. Ukimuuliza atakwambia mganga hajigangi.

Mwanangu alipokuwa anatimiza miaka mitatu, nilimwomba Shangazi aje tu, mikono mitupu, tunywe chai. Akaja na treni. Ilikuwa ya maboksi matupu, lakini mabehewa yalikuwa na madirisha, na kila dirisha lilikuwa na pazia la kitambaa chakavu lililopindwa vizuri. Mtoto aliingia behewa la mwisho akalala humo, keki tukaikata bila yeye. Watoto wa majirani walirudi kwao wakilia kutaka treni, na mama zao, ambao hawakupata usingizi siku hiyo, wakaanza kubisha hodi kwa Shangazi.

Hivyo ndivyo jina lilivyomganda. Vidole vyake havikukauka gundi tena. Aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano, na wajuvi wa mtaa walisema, "Ukimpa mkono Mama Gundi, uwe umeaga kwenu kabisa."

Sebule yake ilikuwa mahali pa kuingia taratibu. Darini vilining'inia vitu kwa nyuzi: samaki, mbawa zisizo na ndege, miezi ya kila umri. Ukifungua mlango vyote viligeuka pamoja, kama watu waliokatizwa mazungumzo. Mchana, jua lilipopenya karatasi laini za rangi alizozibandika dirishani, wekundu ulitambaa ukutani hadi kwenye kiti, na buluu ikatumbukia kikombeni mwako. Nimewahi kunywa chai ya buluu pale, nikasahau kabisa kilichonipeleka.

Zawadi za ndugu alizifanya polepole kuliko zote. Baba yangu, ambaye ni kaka yake mkubwa, alipoumwa akakaa nyumbani muda mrefu, Shangazi alimletea boksi dogo. Ukiinua kifuniko unaona nyumba waliyozaliwa, ile iliyobomolewa zamani, na ukuta wa jikoni umepakwa moshi. Baba aliitazama ukuta kwa ukuta. Kisha akasema, "Lakini mlango ule ulikuwa unalia."

"Ufungue basi, kaka."

Akausukuma kwa ncha ya kidole. Ukalia. Shangazi alikuwa amepachika kipande cha ngozi kavu kwenye bawaba. Baba alicheka mpaka akakohoa, na siku ile alikula chakula chote.

Basi mwaka ule wa jua kali, mwenye saluni ya mtaa wa pili alifika amemshika mkono binti yake. Mtoto alikuwa na alama nyeusi shavuni, ndiyo maana kila mtu alimwita Kidoti.

"Hodi humu!"

"Karibu, mama. Pita, ila inama kidogo, kuna samaki."

Mwenye saluni hakukaa. Alikuwa mtu wa kusimama, kutwa yuko nyuma ya vichwa vya watu. "Mama Gundi, siku ya kuzaliwa ya huyu imekaribia, nataka kasri. La waridi, lenye minara. Mtoto awe binti mfalme, wageni wakiingia waseme lo!"

"Mimi nataka mvua," Kidoti akasema.

Mama yake akaangua kicheko. "Mwangalie huyu! Watu wanaomba siku ya sherehe mvua isinyeshe, yeye anaipelekea kadi!" Kabla hajamaliza, simu yake ikalia, akatoka barazani kumtuliza mteja aliyeungua nywele kwa dawa.

Shangazi akachuchumaa. Mtoto akitaka jambo, yeye hupenda kulisikia kutoka kimo kilekile.

"Mvua gani, mama mdogo? Ya rasharasha au ya mawe?"

"Ya kutwa. Ile inaanza watu bado wamelala."

"Ikinyesha hiyo, kwenu kunakuwaje?"

Kidoti akamwangalia kama mtu anayeulizwa jambo linalojulikana na dunia nzima. "Baba haendi."

Baba yake alikuwa fundi mwashi. Siku za mvua ukuta haupandi, kwa hiyo alirudi kujilaza kwenye mkeka, na Kidoti akampanda mgongoni, wakasikiliza bati pamoja mpaka mzee anakoroma. Lakini mvua haikuonekana kwa muda mrefu. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyolambwa, na majengo yalichipuka kila kona. Fundi aliondoka mtoto amelala na kurudi mtoto amelala.

Mama mtu aliporudi ndani aliuliza, "Tumeelewana? Kasri?"

"Tumeelewana," Shangazi akasema. "Mvua."

"Ninyi wawili shauri yenu. Watu wakinicheka nawaleta hapahapa."

Shangazi hakumweleza sababu. Aliona ni siri ya mwenyewe.

Kutengeneza mvua bila mvua ya kuigia si mchezo. Kila tulipokula kwake alituuliza, "Hivi tone huangukaje?" na kila mtu alijibu lake. Mmoja alisema linakuja wima, mwingine kwamba linakuja limelala. Mumewe alisema yeye hajui, hulikuta limeshamlowesha. Shangazi alichovya nyuzi nyeupe kwenye gundi akaziacha zikauke zimenyooka, kisha akaning'iniza matone ya nailoni angavu, madogo juu, makubwa chini. Mawingu aliyafanya kwa waya na pamba aliyoitia rangi kwa majani ya chai, ili yawe na uzito. Fundi saa alichukua tumbo la saa kuu ya ukutani, akaliunga kwenye kigurudumu, na mawingu yakaanza kuyumba polepole kama watu wanaosinzia wameketi.

Kilichosumbua ni sauti. Alichukua bomba la kadibodi lililobaki dukani baada ya kitambaa kilichozungushiwa kuisha, akalichoma vijiti vya meno pande zote, akamimina mchele ndani na kuziba. Ukiligeuza, mchele unashuka ukigonga vijiti. Lakini ulisikika kama mtu anayefagia mchanga. Akajaribu dengu: mbuzi anatafuna. Akajaribu mahindi: afadhali tusiseme. Mchana mmoja akachanganya mchele na mtama, akaongeza vijiti, akaligeuza bomba taratibu akiwa amefumba macho. Ghafla tukasikia vishindo uani. Mumewe, aliyekuwa amejipumzisha chumba cha pili, alikuwa anakimbia kuanua nguo kwenye kamba, jua likimwakia utosini.

Shangazi akaliweka bomba mezani kwa heshima. "Hiyo ndiyo," akasema. Akatengeneza mengine, ili kila mgeni awe na lake, pamoja na mwavuli wa karatasi.

Asubuhi ya sherehe tulikwenda kutundika. Kidoti alikuwa amefungiwa kwa jirani asione. Nilishika ngazi, Shangazi juu, na sebule ya watu ikawa inafifia kidogokidogo kuwa kijivu chenye kung'aa. Ndipo mwenye saluni akatunong'oneza kwamba baba mtoto hayupo.

"Leo wanamwaga zege la ghorofa ya pili. Nimesema mpaka mdomo umekauka. Mtoto nimemwambia atakuja jioni, lakini jioni ya huyo bwana naijua mimi."

Shangazi alifunga tone la mwisho, akashuka, akafuta mikono kwenye kanga. Akachukua mwavuli mmoja wa karatasi kati ya ile ya watoto. "Nisindikize," akaniambia.

Jengo lilikuwa mtaa wa nne. Mashine ya kuchanganyia zege ilinguruma, na ndoo zilipanda kwa mkono hadi mkono. Tukaonyeshwa fundi. Alikuwa mrefu, vumbi la saruji mpaka kwenye kope, mwiko mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kukuambia kwako kunanyesha."

Akatazama juu. Hapakuwa hata na wingu la kukopa. "Bomba limepasuka?"

"Bomba zima. Ni mvua. Mwanao ameiagiza kwa sherehe yake."

Akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mtu mzima aliyeanza kuchanganya mambo. "Nakuheshimu, mama, lakini unajua kazi yetu. Zege halilali."

"Najua halilali. Umewahi kujiuliza kwa nini mtoto aliyeahidiwa kasri akaomba mvua?"

"Mtoto, mama. Mtoto huomba chochote."

"Nilimuuliza. Akaniambia ikinyesha baba haendi."

Mtu wa nyuma ya fundi alimnyoshea ndoo, akaipokea, akabaki nayo bila kuipandisha. Mstari mzima ukasimama. Mwishowe akaipandisha. "Siwezi kuwaachia wenzangu," akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali.

Shangazi aliuegemeza mwavuli ule kwenye rundo la matofali, tukaondoka. Njiani nilitaka kumlaumu yule bwana, akanikatiza. "Usimseme. Na yeye anajenga kwa ajili ya huyohuyo mtoto. Ndiyo maana ni ngumu."

Watoto walifika na kelele zao zote, lakini kwenye kizingiti zilikatika. Waliingia wakiinua viganja kuona kama watalowa. Matone yalizunguka na kutawanya vipande vya mwanga kwenye nyuso zao, mawingu yakayumba, na mabomba yalipoanza kugeuzwa, sebule ikajaa mvua ya kweli ya masikioni. Mtoto mmoja alimwomba mama yake sweta. Kidoti alikaa katikati chini ya mwavuli, ametulia, akiutazama mlango.

Keki ilikuwa bado haijakatwa mlango ulipofunguka. Fundi alisimama pale na buti zake, saruji imemkaukia sikioni, ule mwavuli wa karatasi mkononi. Alitazama dari kwa muda mrefu.

"Baba," Kidoti akasema, "vua viatu. Kumelowa."

Akavua. Akapita kati ya nyuzi akiinama, mtu mzima yule, asiguse tone hata moja, akaketi kwenye mkeka.

"Imeanza saa ngapi?" akamuuliza binti yake.

"Ulipokuwa umelala."

"Basi leo hakuna kazi."

Akajinyosha kifudifudi. Kidoti akampanda mgongoni, akalaza shavu lenye alama kwenye shati la vumbi. Watoto waligeuza mabomba, wakageuza tena, na hatujamaliza kushangaa tukasikia mkoromo. Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja naye akajilaza, kisha wa pili, kisha wengine, mpaka sebule yote ikawa imelala chini ya mvua, na sisi watu wazima tumesimama ukutani kama miti. Mwenye saluni alishika kisu cha keki bila kujua amekishika. Baadaye fundi alituambia kwamba hakuja kwa ujasiri wake. Wenzake ndio waliomfukuza. "Nenda, sisi tutamaliza," walimwambia. "Kwetu hakunyeshi."

Sitasema kwamba alibadilika kuwa mtu mwingine. Majengo yaliendelea kupanda na yeye akipanda nayo. Lakini mvua haikuteremshwa darini kwao hadi matone yalipopoteza ung'avu, na mkewe alitusimulia kwamba asubuhi za Jumapili ni fundi mwenyewe anayegeuza bomba kando ya kitanda cha mtoto, kumjulisha kuwa yupo.

Kina mama wengine walikuja kutaka mvua. Shangazi aliwakatalia kwa upole kwamba ile ina mwenyewe. Aliomba waje na watoto wao, akachuchumaa, akauliza. Mmoja alitaka upepo. Mmoja alitaka foleni ya dukani, kwa sababu bibi yake humsimulia hadithi wakiwa kwenye foleni. Alipata foleni, ya watu wa kadibodi wenye vikapu.

Kisha, siku moja ya katikati ya wiki, saluni ikiwa imefungwa, mwenye saluni alikuja peke yake. Safari hii alikaa. Samaki na miezi viligeuka vikamtazama.

"Mtoto anataka nini tena?" Shangazi akamuuliza.

"Mtoto hana neno." Alivuta uzi uliolegea kwenye mkono wa kiti. "Ni mimi. Mwezi ujao natimiza arobaini. Sijawahi kufanyiwa hata mara moja, Mama Gundi. Nimekaa nikajiuliza ningetaka nini, nikaona sijui. Mtu mzima asiyejua anachotaka, si aibu?"

"Aibu ya nini?" Shangazi akamsogezea sinia la vipande vya karatasi na mkasi mdogo. "Kata."

"Nikate nini?"

"Chochote kitakachotoka."

Mwanzo alikata kwa woga, kama anakata nywele za mteja mkali. Kisha mabega yakamshuka. Chai ikapoa. Wekundu ulitoka ukutani ukapanda gotini mwake, naye hakuuona. Shangazi aliketi upande wa pili akikunja kitu chake, bila kuuliza, bila kuharakisha, na pale mezani kati yao kukaanza kukusanyika vijikaratasi vya ajabu, vilivyopinda, ambavyo hakuna hata mmoja wao aliyejua bado ni vya nini.