Disketi Iliyosafishwa Kabla ya Mfungo

Namshukuru Mola wangu aliyenipa umri wa kukumbuka na macho ya kuandika haya. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na jamaa zake wote.

Miaka ya tisini mimi na ndugu yangu mdogo tulikuwa na studio ya picha mjini Voi. Tulipiga picha za pasipoti na za harusi, tukachapa barua na kadi za mialiko. Baadaye tukapata kompyuta na skana, vyote vya mkono wa pili, na watu wakawa wanaingia kuvitazama tu.

Kwetu sisi wenye asili ya pwani, Ramadhani haipokewi na nyumba chafu. Majamvi hutolewa juani, masufuria husuguliwa, kuta hupakwa chokaa. Mwaka ule mfungo ulipokaribia, ndugu yangu alijitolea kusafisha studio. Alikuwa ameanza kuhudhuria darsa kila jioni na moyo wake ulikuwa moto. Alipomaliza kufagia akaketi kwenye kompyuta, akaona nayo ina uchafu wake. Akatia disketi ya wateja na kufuta kila picha yenye sura ya mwanadamu, ili malaika wasilikwepe duka letu mwezi mtukufu. Kisha, kwa nia njema ile ile, akaanza kuandika ratiba ya mfungo ya msikiti na kuihifadhi kwenye disketi hiyo hiyo.

Niliporudi kutoka swala ya adhuhuri nilimkuta mama mmoja wa Werugha, juu milimani, ameketi kwenye benchi, sweta ya baridi ya kwao bado mwilini. Alikuwa mjane. Siku chache nyuma alituletea picha ya marehemu mumewe amesimama shambani na panga mkononi. Picha ilikuwa imegandia kioo cha fremu kwa unyevu, tukaipiga skani ikiwa bado kwenye kioo chake. Aliporudi nyumbani akajaribu kuibandua, ikabaki mabaka meupe. Picha ya pekee sasa ilikuwa ile iliyomo kwenye disketi yetu.

Na aliihitaji. Huko milimani mipaka huwekwa kwa masale, mimea ya majani marefu ambayo kuing'oa ni mwiko. Shemeji yake alikuwa ameing'oa usiku, akapanda kabeji, akaapa kwamba mpaka haukupita pale kamwe. Katika picha ile masale yalikuwa bado yamesimama, kando ya miguu ya marehemu.

"Nimekuja kuchukua picha yangu, baba," akasema. "Kesho asubuhi tunaitwa mbele ya D.O. wa tarafa na wazee wa ardhi."

Nikamgeukia ndugu yangu. Akaacha kuandika.

"Ile ya mtu mwenye panga? Nimeifuta, kaka. Nimefuta zote zenye watu."

"Umefuta?"

"Si mwezi unaingia? Nimesafisha."

Mama yule akatutazama kwa zamu. "Basi mimi kesho nikawaambie nini? Niwaambie mume wangu alifagiliwa?"

Ndugu yangu akapeleka mkono kwenye kibodi, nadhani apate kuhifadhi kazi yake kwanza. Nikapaza sauti hadi wapita njia wakachungulia. "Usiguse! Hata herufi moja!"

Kufuta faili, kwa mashine zile, kulikuwa kama kung'oa kibao cha jina mlangoni. Wenyeji bado wamo ndani, mpaka mpangaji mwingine aingie. Na mpangaji alikwisha kuingia: ratiba ya mfungo. Ilikuwa imekaa chumba gani, hakuna aliyejua.

Nikaitoa disketi, nikasukuma kile kidude cha pembeni ili isomeke tu na isiandikike tena. Nikachukua disketi mpya, nikaiamrisha mashine inakili ile ya zamani yote, hata mahali ilipodhani ni patupu, ili nikiharibu, niharibu nakala. Mashine ilikuwa na mlango mmoja wa disketi, ikawa toa hii, tia ile, toa ile, rudisha hii. Siku zile stima ya Voi ilikuwa haina ahadi. Taa ilififia mara moja, mama akashika ukingo wa meza kana kwamba ni meza inayotaka kuzimika. Taa ikarudi. Mashine ikaendelea kukoroma.

Nilipoita zile zilizofutwa, majina yakajipanga yakiwa yamekatika vichwa. La kwake likawa na onyo: sehemu tu ya faili hili inapatikana, je, uendelee?

"Sema ndiyo," ndugu yangu akanong'ona. Alikuwa anatoka jasho.

Nikasema bismillahi, nikakubali.

Picha za aina ile zilijichora kutoka chini kwenda juu. Yakatokea magambuti, vile viatu vya mpira vya shambani. Yakatokea masale, mstari mzima, na nyuma yake jabali lenye ufa. Ikatokea panga, mkono, vifungo vya shati. Kwenye mabega picha ikasimama. Juu yake pakawa peusi.

"Na uso?" mama akauliza.

"Hapo ndipo ratiba ilipokaa, mama. Haurudi."

Akaweka kidole pale peusi. Kitambulisho cha marehemu kilikwisha kurudishwa serikalini, wala uso mwingine wake hakuwa nao. Ndugu yangu akasema, "Nisamehe, mama."

"Alikuwa amenuna, hata hivyo," mama akajibu, akipangusa macho kwa mkono wa sweta. "Chapisha, baba. Magambuti hayo nilimnunulia mimi."

Kesho yake nilifuatana naye hadi kwa D.O. kule Wundanyi kueleza karatasi ile ilivyopatikana. Shemeji alipoiona akacheka. "Mtu hana kichwa! Huyu ndiye shahidi wenu? Mzimu?" Baadhi ya watu wakacheka naye.

Mzee mmoja wa baraza aliisogeza karatasi hadi puani, akakaa nayo muda mrefu. Mama alikuwa amefumba macho.

"Kichwa cha nini?" mzee akasema. "Tumeitwa kuuliza mpaka. Jabali hili lenye ufa nimelikalia nikichunga mbuzi za babangu. Masale yako chini yake, na shamba lako ni la chini ya masale. Kabeji zako wewe, zimefika wapi?"

Shemeji akamgeukia D.O.

"Nakuuliza, bwana. Chini ya jabali au juu?"

"Juu," akasema.

Wakaamua masale yarudishwe pale pale. Siku ya kuyapanda ndugu yangu alikwea Werugha na jembe, amefunga, akachimba mashimo ndani ya ukungu toka asubuhi mpaka alasiri. Mama alimwonyesha kila mahali pa kuchimba.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mola akupe majirani waadilifu, akulindie usichojua kwamba kinapotea, na awarehemu wale uliobaki nao moyoni tu. Amin.